Jibini ya kuchovya ya asali na pilipili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiiweka mezani, bakuli halijafika nusu mtu anauliza "hii ni nini?", na kabla hajaaga anasema "basi nielekeze." Nimeelekeza kwa simu, nimeelekeza kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, na mara moja nimeelekeza mlangoni, mgeni ameshavaa viatu na bodaboda inamsubiri nje. Maswali yanafanana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili anayefuata nimtumie tu.

Ni kitu gani hasa?

Ni jibini mbichi ya nyumbani, ya maziwa na ndimu, inayotiwa chumvi na kitunguu saumu kidogo, kisha inasagwa hadi inakuwa laini kama siagi iliyokaa nje ya friji. Juu yake inamiminwa asali iliyopashwa na tangawizi na pilipili, halafu korosho za kukaanga zilizopondwa. Unachukua kripsi ya muhogo au kipande cha chapati kavu, unachovya, unakula.

Wengine wanaiita dipu. Mimi nasema jibini ya kuchovya. Neno chizi nililiacha siku nilipompigia mjomba simu nikamwambia "njoo, leo tuna chizi nyumbani," akauliza kama tumeshampeleka hospitali.

Chumvi na utamu kwenye bakuli moja? Wageni wangu watakula kweli?

Watakula, maana wanakula tayari. Embe bichi la kukatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, linalouzwa nje ya kila shule, ni nini? Achari ya embe pembeni ya biriani je? Na yule anayekula pilau huku akimega ndizi mbivu, sukari na bizari mdomoni kwa pamoja, hana la kuuliza. Ladha hii tumekua nayo. Kigeni hapa ni jibini peke yake, na hiyo nayo ni maziwa tu yaliyokatika.

Kanuni ninayoifuata ni moja: chumvi ndani, utamu juu. Karibu kila aliyenipigia kulalamika kwamba yake imeharibika, nilikuta ameigeuza au amechanganya vyote. Nitaieleza zaidi mbele.

Nahitaji vitu gani?

Kwa watu 8 hadi 10 ambao wana chakula kingine kinachowasubiri:

Maziwa freshi yasiyotolewa malai, lita 2. Maji ya ndimu, vijiko 6 vya chakula, yaani ndimu 4 hadi 6 kulingana na ukubwa na ukarimu wake. Chumvi, kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa. Kitunguu saumu, punje 1 tu. Mtindi mzito, vijiko 3 vya chakula. Pilipili manga iliyosagwa, kwa kukadiria.

Za juu: asali vijiko 4 vya chakula, tangawizi mbichi kipande cha kama ncha ya kidole gumba, nusu ya pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu, na korosho konzi moja.

Lita 2 za maziwa mazuri zinakupa jibini ya gramu 300 hadi 400. Usishtuke. Maziwa kwa sehemu kubwa ni maji, na leo ndiyo siku utakayoyaona hayo maji kwa macho.

Naitengeneza vipi, hatua kwa hatua?

Injika maziwa kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto wa wastani. Koroga huku ukikwangua chini, kwa sababu maziwa yakishika hata kidogo, harufu ya kuungua inaingia kwenye jibini yote na hakuna asali itakayoificha. Yakianza kupanda, zima moto.

Subiri dakika moja. Sasa tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja, ukikoroga taratibu. Maisha yetu yote tumefundishwa kukoroga tui lisikatike. Hapa ndiyo tunataka yakatike. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji yanabadilika rangi. Acha kukoroga, funika, kaa dakika 10. Ukifunua, maji yanatakiwa yawe ya njano inayokaribia kijani, ya kupenya jicho. Yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja cha ndimu na usubiri tena.

Tandika kitambaa chepesi cha pamba kwenye chujio, weka bakuli chini, kisha mimina. Hayo maji usiyamwage. Mwagia mabonge kikombe kimoja cha maji safi ya baridi ili kuondoa ukali wa ndimu, halafu kusanya ncha za kitambaa, funga, ning'iniza kwenye bomba la sinki dakika 20. Usikamue kama unakamua nazi! Ukikamua unapata kitu kikavu kama chaki, na utahangaika kukirudisha.

Wakati jibini bado ina uvuguvugu, iweke kwenye blenda pamoja na chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, mtindi na vijiko viwili vya yale maji uliyoyahifadhi. Saga dakika 2 hadi 3, ukisimama mara kwa mara kukwangua pembeni. Onja. Inatakiwa ikuzidi chumvi kidogo tu, ule udogo wa kukufanya useme "mh", kwa sababu asali inakuja kuituliza. Tia pilipili manga, iweke kwenye friji nusu saa.

Asali ipashe kwenye kisufuria moto mdogo kabisa, pamoja na tangawizi iliyokunwa na pilipili mbuzi, dakika 2 au 3. Ikianza kutoa mapovu, ondoa. Iache ipoe dakika 10, kisha toa pilipili. Wageni wakishaketi, tandaza jibini kwenye bakuli pana, chora mifereji kwa mgongo wa kijiko, mimina asali ikae kwenye mifereji, nyunyiza korosho. Peleka mezani hapo hapo.

Kwa nini nisichanganye asali ndani kabisa, iwe rahisi?

Nilifanya hivyo mara ya kwanza, kwa wageni kumi na wawili. Nusu saa baadaye bakuli lilikuwa na uji. Asali na chumvi vyote huvuta maji, na jibini mbichi ina maji mengi ya kuvutwa; ukivikoroga pamoja vinayatoa nje na ile jibini inalegea.

Ila sababu kubwa ni ya mdomo. Ikichanganywa, kila kuchovya kuna ladha ileile, na kufikia mara ya nne ulimi umechoka. Ikikaa juu, mchovyo mmoja unapata chumvi nyingi, mwingine asali nyingi, wa tatu unakutana na korosho. Mtu anaendelea kutafuta ule mmoja uliompendeza. Bakuli linaisha hivyo.

Maziwa gani yanafaa?

Freshi ya kupimiwa ndiyo bora, mradi hayajaongezwa maji. Siku moja nilinunua lita 3 kwa muuzaji nisiyemfahamu, nikapata jibini isiyojaza hata kikombe cha chai. Maziwa hayawezi kudanganya yakishakutana na ndimu.

Ya pakiti yaliyopashwa na kupozwa, yale yanayokaa kwenye friji la duka siku chache, yanakwenda vizuri pia. Yale ya boksi yanayokaa miezi bila friji yamepitishwa kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, na joto hilo linazibadilisha protini zake. Yanakatika, lakini mabonge ni madogo, dhaifu, mengine yanapita kwenye kitambaa. Ukilazimika kuyatumia, kunja kitambaa mara mbili na uchuje polepole. Maziwa ya unga yenye malai nimeyajaribu, yanafaa. Yachanganye mazito kuliko ya chai. Maziwa yaliyotolewa malai achana nayo.

Na yale ya kupimiwa lazima yafike kuchemka. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na asidi ya ndimu haikuhakikishii lolote. Moto ndio dawa.

Kwani ndimu inafanya nini hasa?

Protini ya maziwa ya ng'ombe kwa takriban asilimia 80 ni kaseini. Chembechembe zake zinaelea kwenye maziwa kwa sababu zinasukumana, kila moja inaikimbia nyingine. Ukitia asidi, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ikifika karibu 4.6, nguvu ya kusukumana inakwisha, zinashikana na kubeba mafuta pamoja nazo. Maziwa yakiwa ya moto kabisa, hata zile protini nyingine ambazo zingeondoka na maji, kwa sehemu kubwa zinaganda humo humo, ndiyo maana tunayapasha hadi yapande.

Kwa hiyo siki nyeupe inafanya kazi ileile. Vijiko 5 vinatosha lita 2, na ladha yake inasafishika vizuri ukisuuza. Limau pia, ingawa utahitaji zaidi kidogo. Ukwaju usitumie kukatia maziwa. Unafanya kazi, lakini jibini inatoka na rangi ya matope na hakuna mgeni utakayemshawishi.

Yangu imetoka chengachenga kama mchanga. Inaokoleka?

Inaokoleka mara nyingi. Chenga zinatokana na mambo matatu: umeendelea kuchemsha baada ya kutia ndimu, umetia ndimu nyingi mno, au umeining'iniza hadi ikakauka. Yote yanayafanya mabonge yasinyae na kukaza.

Irudishe kwenye blenda na vijiko vitatu vya maji yake yakiwa ya moto, na kijiko kimoja cha siagi laini au malai. Saga kwa subira, kama dakika 4. Haitakuwa kama hariri, ila mlaji hatajua. Ikikataa kabisa, ibadilishie kazi: changanya na kitunguu na kotmiri, jaza sambusa.

Sina blenda.

Chukua chujio la waya, lile la chai kubwa au la kuchekechea unga, na usukumie jibini humo kwa mgongo wa kijiko ikiwa bado moto. Rudia mara mbili. Mkono utauma, lakini mimi naona inatoka laini kuliko ya blenda. Kinu hakifai, jibini inanata pembeni yote.

Naweza kutumia mtindi badala ya kuhangaika na moto?

Unaweza, na kwa mwanzilishi ndiyo njia ningemwambia aanze nayo. Chukua lita 1 ya mtindi mzito usio na sukari, changanya na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mimina kwenye kitambaa, ning'iniza ndani ya friji usiku kucha juu ya bakuli. Asubuhi una kitu kizito, cheupe, kichachu kidogo, cha gramu kama 350 au zaidi, na hukuwasha hata kiberiti.

Waarabu wanaiita lebneh. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanainunua ikiwa tayari, wanamwagia mafuta ya zeituni na zaatari (majani makavu ya kiungo na ufuta) kwa kifungua kinywa, na upande wa utamu wanaweka asali au tende. Tofauti na jibini ya ndimu ni uchachu. Kwa hiyo lebneh inataka asali nyingi zaidi kidogo, na kitunguu saumu uache.

Hakikisha tu mtindi wenyewe ni mtindi. Vikopo vyenye ladha ya vanila na stroberi mara nyingi vimetiwa vitu vya kushikilia maji, na vitakaa usiku mzima kwenye kitambaa bila kudondosha kitu.

Asali gani?

Ukiwa na bahati ya kupata asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, itumie hiyo. Ni nyepesi, ina uchachu wake, inateremka vizuri kwenye mifereji na haihitaji hata kupashwa. Loweka tu pilipili na tangawizi ndani yake saa moja. Ni ghali, lakini unatumia vijiko vinne.

Asali ya kawaida ya nyuki wakubwa ni nzuri pia. Ile ya Tabora na ya misitu ya miombo kwa jumla ina rangi nzito na ladha ya moshi kidogo, inapatana na korosho kuliko zile nyeupe za dukani. Ikiwa imeganda, usidhani ni ya sukari. Asali safi huganda. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka.

Mama mkwe anakuja na hagusi pilipili. Nifanye nini?

Tende na ukwaju. Tende laini 10 zilizotolewa kokwa, maji ya ukwaju mazito vijiko 3, maji ya kawaida robo kikombe, punje mbili za iliki zilizotwangwa. Chemsha moto mdogo dakika 8, ponda kwa uma, poza. Inakaa juu ya jibini kama jemu nyeusi, na mtu mzima anaila bila kujiuliza amepewa kitu gani cha vijana. Kwenye futari mimi naweka hii kila mara. Wapo wanaochukua tende nzima, wanaipasua, wanajaza jibini katikati. Na hao hawajakosea.

Au embe. Embe dodo moja lililoiva lakini bado gumu, likate vipande vidogo sana, pika na vijiko 2 vya sukari, kijiko 1 cha siki na chumvi kidogo, dakika 15.

Niliweka nanasi juu. Asubuhi ilikuwa chungu na imeyeyuka. Kulikoni?

Swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake tunalijua sote bila kujua kwamba tunalijua. Nyama ngumu ya mishkaki unailainisha kwa nini? Papai bichi. Ndani ya papai mna kimeng'enya kinachokata protini, na nanasi bichi lina cha kwake kinachofanya kazi hiyohiyo. Jibini ni protini. Umeilaza na mlaji wake usiku kucha. Uchungu ni vipandevipande vya protini iliyokatwa, na ule uji ni jibini iliyobomoka.

Nanasi lipike kwanza. Moto unakiua hicho kimeng'enya. Likate dogo, chemsha na sukari kidogo na mdalasini hadi maji yakauke, dakika 15 au 20, halafu liweke juu bila wasiwasi. La kopo limeshapikwa kiwandani, unaweza kulitumia ukilichuja. Papai mimi siliweki kabisa, hata likipikwa. Harufu yake na maziwa sijapatana nayo.

Niko Goma, nina ile jibini ngumu ya Masisi. Inafaa?

Inafaa, ila kwa njia nyingine, na ni ya kuliwa ikiwa moto. Ile ni jibini ya kukandamizwa na kukaa, jamaa ya gouda. Ukiitia kwenye blenda utapata makapi. Ikune gramu 200. Yeyusha kijiko 1 cha siagi, kaanga humo kijiko 1 cha unga wa ngano dakika moja bila kubadilika rangi, tia maziwa robo lita kidogo kidogo ukikoroga hadi yawe mazito. Ondoa motoni. Ndipo utie jibini, konzi moja moja. Ikichemka baada ya hapo itatoa mafuta na kuvutika kama ubani, kwa hiyo usiirudishe motoni.

Hii haihitaji chumvi ya kuongeza. Asali na pilipili ni zilezile. Wa Rwanda, Njombe na Eldoret wenye jibini za aina hiyo wafuate hivyo hivyo.

Niko ng'ambo na duka lina jibini ya kupaka (cream cheese) tayari. Nijisumbue?

Usijisumbue. Boksi moja la gramu 200 au 225, kulingana na nchi, litoe kwenye friji saa moja kabla, likoroge na vijiko 2 vya mtindi na maji ya nusu ndimu. Chumvi onja kwanza, kwa sababu imeshatiwa. Watu wa majimbo ya kusini ya Marekani wana mtindo wao wa kuchukua kipande kizima cha jibini hiyo, kukimwagia jemu ya pilipili na kukila na biskuti za chumvi, kwa hiyo majirani hata hawatauliza. Watauliza korosho umezitoa wapi.

Mgeni yuko getini! Nina dakika kumi.

Zile jibini za pembetatu zilizofungwa karatasi ya kung'aa, kiboksi cha vipande 8. Menya zote, ponda kwa uma na vijiko 3 vya mtindi au maziwa, pilipili manga, tone la ndimu. Asali juu bila kupasha, karanga za kukaanga juu ya asali. Chapati ya jana ikate pembetatu na uibanike kwenye kikaango kikavu hadi ilie kwa kukauka. Mwambie mtoto amkaribishe mgeni maji na amuulize habari za safari.

Watu wachovye na nini?

Kripsi za muhogo kwanza, kwa sababu ni ngumu na hazikatikii ndani ya bakuli. Kripsi za ndizi mbichi pia. Chapati iliyokaushwa, mkate wa ajemi uliobanikwa, mkate wa boflo uliokatwa mwembamba na kurudishwa ovenini. Upande wa mboga: karoti, tango, pilipili hoho. Kripsi za viazi zenye chumvi nyingi zinaifanya kazi yako ya kupima chumvi iwe bure. Mandazi yanafaa ikiwa ni ya jana na hayana nazi nyingi. Mahamri ya moto yanakula asali yote peke yake.

Ni halali? Nasikia jibini huwekwa kitu cha tumbo la mnyama.

Jibini nyingi zinazokaa zinagandishwa kwa kimeng'enya ambacho kwa asili hutoka tumbo la ndama, ingawa siku hizi vipo pia vya mimea na vya vijidudu. Hii yetu ni maziwa na ndimu tu, hakuna kimeng'enya, hakuna jelatini. Anayeuliza mbele ya wageni mjibu hivyo na mtaendelea kula.

Wajawazito na watoto je?

Mjamzito anatakiwa kuepuka jibini laini ya maziwa ambayo hayakuchemshwa, kwa sababu ya bakteria wa listeria. Hii maziwa yake yamechemka, lakini mpe iliyotengenezwa siku hiyohiyo kwa vyombo safi, si ile ya juzi. Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, hata tone. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaomletea sumu ya botulizimu, ambayo tumbo lake changa haliwezi kuzuia. Bibi atakwambia yeye aliwalambisha asali nyote na mko hai. Msikilize kwa heshima, na usimpe mtoto. Mwenye mzio wa karanga au korosho aulizwe mapema. Weka ufuta badala yake.

Kuhusu wale ambao maziwa yanawasumbua tumbo: sukari ya maziwa inaondoka kwa wingi na yale maji, kwa hiyo wengi wanaivumilia jibini kuliko glasi ya maziwa. Kila mtu na tumbo lake.

Inakaa muda gani?

Kwenye friji, imefunikwa na bila asali juu, siku 3.

Mezani ni saa 2, basi. Na mchana wa Februari Dar es Salaam, joto limepita nyuzi 32, hesabu saa 1. Mimi naweka bakuli la jibini ndani ya bakuli kubwa lenye barafu iliyopondwa, na natoa nusu kwanza. Nusu nyingine inabaki ndani hadi ya kwanza iishe. Kama huna friji, tengeneza asubuhi kwa wageni wa mchana, na kitakachobaki baada ya mlo kisilale.

Wageni wanang'ata, wanachovya tena. Nawaambiaje?

Huwaambii. Sisi ni watu wa sinia moja na mkono wa kulia, ukianza kumfundisha shemeji namna ya kuchovya umeharibu ziara. Weka vijiko viwili ndani ya bakuli na visahani vidogo pembeni, wewe uwe wa kwanza kujipakulia kwenye kisahani chako. Wataiga. Au kata vitu vya kuchovya vidogo kiasi cha kuingia mdomoni mara moja, tatizo linakwisha kabla halijaanza.

Yale maji yaliyobaki, nimwage?

Lita moja na nusu ya maji yenye protini na sukari ya maziwa, umwage kwenye sinki? Kandia chapati. Zinatoka laini na zinashika rangi ya kahawia vizuri zaidi. Tumia badala ya maji peke yake, na punguza chumvi kidogo, kwa sababu uchachu wa ndimu upo. Uji wa ulezi pia unayapokea. Kwenye chai usiyatie. Maziwa yatakatika kikombeni, na safari hiyo hutakuwa umekusudia.